Mti wa Nne wa Bi Lorna

Amani ndiye aliyenisukuma niandike haya kwa Kiswahili. Alisema ninyi mliobaki kwenye kampuni, Wakenya na Wakongo mnaopanda na kukata miti ya watu kuanzia Burnsville hadi Maple Grove, mnashinda mkisoma maelekezo ya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo cha kusoma jioni angalau kiwe cha lugha ya nyumbani. Nimestaafu majuzi tu. Magoti ndiyo yaliyoamua. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nataka. Sitawasimulia nilivyopandishwa cheo, maana cheo kile mnakijua: kilikuja na funguo za lori bovu kuliko yote. Nitawaeleza habari za miti ya chestnati, ile yenye kokwa za kuchoma, namna ya kuitofautisha ile ya asili ya Marekani na ile ya Asia na machotara yake, na kwa nini jambo hilo lilinishtua kuliko yote niliyoyaona kazini.

Niliingia kampuni mwanzoni mwa miaka ya 2010, nikitokea nyumba ya wazee ambako nilikuwa naosha na kulisha wagonjwa kama Wakenya wenzangu wengi wa hapa. Kule Taita niliwahi kusimamia kitalu cha miche cha shule ya wasichana, na mikono yangu ilikuwa haijausahau udongo. Nilipotangaza kanisani kwamba naacha kazi ya ndani, dada mmoja alinishika bega.

"Mama Mghoi, umepatwa na nini? Watu wanatafuta shifti za kukaa karibu na hita, wewe unaenda kusimama kwa snow?"

Nilicheka. Asubuhi ya kwanza kazini, mwezi wa Februari, kope zangu ziligandamana kwa baridi, nikaona alikuwa na hoja.

Siku hiyo ndipo nilipomjua Bwana Vern. Wenyeji wote walimwita Vern tu, lakini mimi sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, naye hakukataa hilo "Bwana" langu, ingawa yeye aliniita Wakesho, jina langu la kuzaliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mzaliwa wa Saint Paul, na alikuwa ameangalia miti ya mji huu tangu ujana wake. Alinipa rundo la vijiti vikavu, akauliza cha kwanza ni cha mti gani.

"Hakina hata jani moja," nilisema.

"Nusu ya mwaka huku hakuna majani," akajibu. "Miezi hiyo utakuwa unakaa nyumbani?"

Basi nikajifunza kusoma vijiti. Nilijifunza kwamba chipukizi la mti, lile jicho dogo linalosubiri msimu, lina umbo lake na mkao wake, na ukilizoea unalitambua kama unavyotambua mwendo wa ndugu yako kwa mbali. Bwana Vern alinifundisha pia kupima vinyweleo vya jani kwa mdomo. Unaligeuza jani, unaupitisha upande wake wa chini kwenye mdomo wa juu, polepole. "Vidole vyetu vimekufa kwa kazi," alisema, "mdomo bado." Watu waliopita barabarani walituona tukibusu majani, wakaharakisha.

Chestnati yangu ya kwanza haikuwa chestnati. Vuli moja tulikuwa tunapogoa miti kwenye eneo la fleti huko Brooklyn Park. Mlango mmoja wa ghorofa ya chini ulikuwa wazi, na mama mmoja alikuwa anaita watoto kwa Kiswahili cha Kongo. Nikasogea kumsalimia, kwa furaha tu ya kusikia lugha. Jikoni kwake sufuria ilikuwa inachemka, na kando yake kulikuwa na beseni limejaa kokwa kubwa za kahawia zinazong'aa, kila moja na doa jeupe kama jicho.

"Mama, hizo umezitoa wapi?"

"Ni batoto baliziokota chini ya muti pale. Ni zile bazungu banachomaka ku Noël, hapana?"

Alimaanisha chestnati za Krismasi. Zilikuwa kokwa za mti ambao wenyeji huuita bakai. Majani yake yamekaa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na ganda lake lina vijiba vichache tu. Ni sumu. Nilizima jiko kabla sijajieleza, katika nyumba ya watu, bila ruhusa. Yule mama alibaki amesimama na mwiko mkononi, akinitazama kama mwizi.

"Mtoto yeyote amekula?"

Mdogo wao alikuwa ameuma moja, akaitema kwa uchungu wake. Baba yake alitokea chumbani akiwa bado anavaa shati, akasikia neno "sumu," akambeba mtoto, tukaenda naye hospitali kwa lori la kampuni. Mtoto alitapika kidogo, wakamwangalia mchana wote, akarudi nyumbani mzima. Baba yake alikuwa Amani. Alikuwa amewasili na familia yake kutoka Uvira, baada ya miaka mingi kambini.

"Tulikimbia vita, Mama," aliniambia njiani kurudi. "Nusura muti wa mapambo uniulie mwana."

Miezi michache baadaye aliomba kazi kwetu. Alisema hataki tena kuishi katikati ya miti asiyoijua majina. Alitokea kuwa mpanda miti bora kuliko sisi sote. Kwenye kamba alikuwa kama amezaliwa nayo.

Baada ya kisa hicho Bwana Vern aliamua kwamba mimi na Amani tujifunze chestnati sawasawa. Alipanga matawi juu ya boneti ya lori. Jani la chestnati ya asili ya Marekani ni refu, jembamba, halina mng'ao, na meno yake ni makubwa, yamepinda kuelekea mbele kama ya msumeno. Ukilipima kwa mdomo ni laini. La Kichina ni nene na pana zaidi, linang'aa juu, meno yake madogo, na chini lina vinyweleo kama malaika ya mkono wa mtoto. Kitawi cha ule wa asili hakina unywele. Ni chekundu cha kahawia, na chipukizi lake limechongoka, limejitenga kidogo na kitawi. Kitawi cha Kichina kina rangi ya mchanga na vinyweleo, na chipukizi lake ni butu, limejilaza. Kokwa zote mbili hukaa ndani ya ganda la miiba mingi kama kalunguyeye, lakini ile ya asili ni ndogo, ina ncha, na manyoya meupe yanashuka kutoka kwenye ncha mpaka karibu nusu yake. Ya Kichina ni kubwa na manyoya yako nchani tu. Ule wa Kijapani hutambulika kwa lenzi: chini ya jani kuna vidoa vidogo vya magamba, na kokwa yake ni kubwa kuliko zote.

"Na chotara?" niliuliza.

"Chotara huchukua hapa na pale. Wakati mwingine anafanana na mama yake kabisa mpaka siku unapogeuza jani. Ndiyo maana usitazame kitu kimoja. Tazama vyote, kila mara, hata mti unaoujua."

Haya hayakuwa mashindano ya majina. Kuna kuvu ilikuja nchi hii zamani pamoja na miti ya Asia. Miti ya Asia imeizoea. Inapata kidonda kwenye gome, inakifunga, inaendelea kuishi. Ile ya asili haina kinga. Misitu yake ya mashariki iliisha kabla Bwana Vern hajazaliwa. Huku kwetu Minnesota chestnati si mwenyeji, lakini walowezi wa kale walileta mbegu chache wakazipanda mashambani, na kwa kuwa tuko mbali, ugonjwa haukuzifikia. Ndiyo maana mti mmoja wa asili uliosimama hapa ukiwa mzima uliwafanya watu kama Bwana Vern wanong'one walipoukaribia.

Bi Lorna alikuwa nayo mitatu.

Shamba lake lilikuwa pembezoni mwa Maple Grove, au tuseme Maple Grove ilikuwa imelizunguka. Upande mmoja wa uzio kulikuwa na nyumba mpya zinazofanana, upande mwingine maegesho ya duka kubwa. Katikati yake, nyuma ya ghala jekundu, ilisimama miti mitatu iliyopandwa na babu yake kutokana na mbegu alizokuja nazo mfukoni. Mara ya kwanza nilipelekwa mwezi wa Julai, ikiwa imechanua. Nilisimama chini yake nikatazama juu, na sikujua kwamba nilikuwa nimefungua kinywa mpaka nzi alipoingia. Ilikuwa mirefu kuliko ghala, imeshika maua meupe kama mishumaa, na nyuki walikuwa wengi hata mti wote ulinguruma.

Bi Lorna alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwembamba, mpole kupita kiasi. Ukikanyaga ua lake, yeye ndiye aliyeomba radhi. Tulikunywa kahawa jikoni kwake kila tulipokwenda, na kila vuli alituchomea kokwa juu ya jiko, tamu kama zimetiwa asali.

Kulikuwa pia na mti wa nne, mdogo kuliko ile mingine, mita chache kutoka kwayo. Huo aliupanda Bwana Vern mwenyewe kabla mimi sijafika, zawadi kwa Bi Lorna. Rafiki yake wa zamani huko mashariki alimpa mche, akamwambia ni mtoto wa mti wa asili ulionusurika. Chestnati inahitaji chavua ya mti mwingine ndiyo ibebe vizuri, na ile mitatu ilikuwa ndugu wa damu. Bwana Vern alitaka kuwaletea mgeni. Aliupenda mti ule kama mtoto. Kila vuli aliokota kokwa za ile mitatu, akaziotesha, akagawa miche kwa watu wa pande zote mbili za mto Mississippi walioahidi kuitunza. "Mizao ya asili," aliwaambia, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Miaka ilipita hivyo, kazi juu ya kazi. Kisha, Agosti moja, Bi Lorna alipiga simu kusema tawi moja la mti mkubwa limegeuka manjano, na kwamba anaomba radhi kwa kutusumbua. Tulidhani ni radi au ukame. Amani alipanda na kamba zake, mimi na Bwana Vern tukabaki chini.

Alifika juu. Amani huimba akiwa juu ya mti, mnajua. Sikusikia wimbo.

"Mama Mghoi," aliita hatimaye, "gome limepasuka huku. Liko na madoa. Rangi ya machungwa."

Sikuwahi kuuona ugonjwa ule kwa macho, ila kwenye picha, lakini nilijua hakuna kitu kingine chenye rangi hiyo. Nilimgeukia Bwana Vern kutafsiri, nikakuta hana haja ya tafsiri. Alikuwa ameelewa kutokana na uso wangu.

"Mwambie asiguse kitu," alisema. "Mwambie ashuke polepole."

Tulizunguka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulipojua cha kutafuta, tulikiona kila mahali: vidonda vilivyobonyea, gome lililokunjamana, na vile vichembe vya rangi ya chungwa kama unga wa pilipili. Miti ile tuliyokula kokwa zake ilikuwa inakufa juu ya vichwa vyetu. Amani alikaa chini kwenye majani, kofia ya kazi mapajani, akawa anatikisa kichwa tu.

"Ugonjwa umetoka wapi?" niliuliza. "Hakuna chestnati nyingine karibu na hapa. Umefikaje?"

Bwana Vern alikuwa anautazama mti wa nne. Ulikuwa mbichi, wenye afya, majani yamejaa. Alitembea kuuendea kama mtu anayetembea kwenye barafu nyembamba. Karibu na shina, chini kabisa, kulikuwa na kidonda cha zamani, kimevimba na kujifunga chenyewe, kimezungukwa na gome zuri jipya. Alipiga goti, akakipapasa. Kisha akachuma jani la tawi la chini, akaligeuza, akalipitisha kwenye mdomo wake.

Alilipitisha mara ya pili. Halafu akanipa mimi.

Nililiweka mdomoni. Vinyweleo. Si vingi, si kama vya Kichina kamili, lakini vilikuwepo, kwenye ule mshipa wa katikati hasa. Nikatoa lenzi nikatazama kitawi, nikaona hayo hayo, na machipukizi yalikuwa butu. Nilitamani sana niwe nimekosea. Ukiutazama kwa mbali, mti ule ulikuwa wa asili: urefu wa jani, meno yake, kila kitu. Lakini ulikuwa na damu ya Asia ndani, na kwa damu hiyo uliubeba ugonjwa mwilini miaka yote bila kuugua.

"Bwana Vern," nilisema, "labda tusubiri maabara."

"Maabara itasema tulichokisema sasa hivi," akajibu. Na kweli baadaye ikasema hivyo. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilipoupokea ulikuwa kijiti. Ulipotoa majani yalifanana na ya asili. Baada ya hapo sikuutazama tena, Wakesho. Nilikuwa naujua jina lake."

Nilidhani tungeenda nyumbani kwanza, tufikirie namna ya kumweleza Bi Lorna. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno kichwani: ndege, upepo, wadudu, vyote hivyo hueneza kuvu ile, hakuna uongo hapo. Bwana Vern alivua kofia yake, akaelekea mlango wa jikoni saa ile ile. Nilimfuata kwa sababu sikuona namna ya kumwacha aende peke yake.

Bi Lorna alikuwa ameshamimina kahawa. Bwana Vern hakukaa.

"Lorna, miti ya babu yako ina ugonjwa wa mashariki. Sidhani kama itapona. Umetoka kwenye mti wangu. Niliupanda nikikuambia ni wa asili, na si wa asili. Ni mimi niliyeuleta."

Bi Lorna aliweka birika mezani. Alitazama dirishani, kule nyuma ya ghala. Mimi nilingoja alie, au aseme lile neno wanalolisema watu wa huku kwa kila msiba, kwamba ni sawa tu, usijali.

"Nilijua," alisema.

Sikuelewa. Bwana Vern pia hakuelewa.

"Si ugonjwa. Mti. Nilijua si kama yangu." Alikuwa anaongea na dirisha. "Kokwa zake zilikuwa kubwa mno, na hazikuwa na utamu. Tangu mwaka wa kwanza zilipoanguka. Nimekula kokwa za babu tangu nina meno ya utoto, Vern. Niliziokota kabla hamjafika, nikazitenga pembeni, nikawachomea ninyi zile za babu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana," alisema Bi Lorna. "Sikutaka kukuvunja moyo."

Nimeshuhudia mengi katika nyumba za wagonjwa, watu wakipewa habari ambazo hakuna anayepaswa kupewa. Sijawahi kuona uso kama wa Bwana Vern pale. Alishika ukingo wa meza. Hawa wawili walikuwa wameheshimiana miaka yote hiyo, kahawa na keki na salamu, na katika adabu yao mti ule ulipata muda wa kufanya kazi yake. Hakuna aliyepaza sauti. Kisha Bi Lorna, ambaye sikuwahi kumsikia akimwamuru hata paka, akasema, "Nenda ukaukate. Leo. Halafu usirudi mpaka nikuite."

Tuliukata siku hiyo hiyo. Bwana Vern alishika msumeno mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tulichoma kila kijiti hapo hapo shambani, tukasafisha zana kwa spiriti mpaka zikanuka kama hospitali.

Kwa ile mitatu tulifanya kilichowezekana. Kuna dawa moja ya kienyeji ya kazi yetu inayosaidia: unachukua udongo wa chini ya mti wenyewe, unaukanda na maji, unaupaka juu ya kidonda na kuufunga kwa plastiki, kwa sababu ndani ya udongo kuna vijidudu vinavyoila ile kuvu. Mimi na Amani tulikanda tope vuli nzima. Amani alipanda nalo kwenye ndoo, akafunga matawi kama anayefunga mifupa iliyovunjika. Bi Lorna alitoka nje kututazama, na polepole tukaona amebadilika.

"Hiyo umeifunga vibaya," alimwambia Amani siku moja.

Amani karibu aanguke kwenye kamba. "Pardon, Mama?"

"Inavuja upande wa kushoto. Ifunge upya."

Tangu siku ile ya jikoni alikuwa ameacha kuomba radhi, na ilituchukua muda kuizoea hali hiyo. Aliniambia pia kwamba mimi nakunywa sukari nyingi mno kwenye kahawa. Alikuwa na haki.

Miti miwili ilikufa. Wa tatu ulikauka juu wote, lakini chini kwenye shina ukatoa machipukizi mengi, na hayo yapo hadi leo. Huenda yakafa na yakarudi, ndivyo ilivyo tabia ya mti huu ukishaugua. Mtakaoenda pale, mfunge tope kila mwaka. Bi Lorna atawaambia mkikosea.

Lakini lililomtesa Bwana Vern lilikuwa ile miche. Chavua ya mti wa nne ilikuwa imefika kwenye maua ya ile mitatu kila Julai. Maana yake miche yote aliyoigawa huku akiiita mizao ya asili ilikuwa, yote au mingi, machotara. Na pengine mingine imeondoka na ugonjwa. Alikuwa ameshafika umri wa kustaafu. Angeweza kukaa kwenye kiti chake akangoja simu. Badala yake alinijia na kusema, "Nisaidie kuitafuta."

Tulizunguka majira yote ya kiangazi yaliyofuata, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa gari langu kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri barabarani. Burnsville, Brooklyn Park, vitongoji vya Saint Paul. Tulibisha hodi. Nilidhani mimi ndiye ningekuwa msemaji, maana yeye hakuwa mtu wa maneno, lakini kila mlango ulipofunguliwa alisema mwenyewe, na kila mara kwa maneno yale yale: "Nilikupa mti nikakuambia ni wa asili. Nilikosea. Naomba niutazame." Kisha tuligeuza majani, tukatazama vitawi na machipukizi, tukapapasa gome kutoka chini mpaka tulipofikia.

Chotara mzima hatukuukata. Tulimwambia mwenye mti kile alicho nacho, asiwape wengine kama wa asili, na asiuhamishe karibu na chestnati nyingine. Mti wenye vidonda tuliukata. Hapo ndipo nilipoona watu walivyo. Wengine walicheka, wakasema mti ni mti. Mama mmoja wa Burnsville alitufungia mlango usoni. Mzee mmoja wa Saint Paul alikuwa ameupanda wake siku ya kumbukumbu ya marehemu mkewe, na ulikuwa na madoa ya chungwa shinani, wazi kabisa. Bwana Vern alipomwambia, yule mzee alimtazama tu. Kisha akaingia kwenye banda lake la gari, akarudi na koleo, akasema, "Basi tuchimbe pamoja." Wazee wawili wakachimba. Nilikuwa nimesimama na msumeno mkononi na sikuweza kuona vizuri kwa machozi.

Miti kadhaa hatukuipata kamwe. Watu walikuwa wamehama. Hiyo nawaachia ninyi. Mkiona chestnati kwenye ua wa mtu, simamisheni gari.

Bwana Vern alifariki majira ya baridi yaliyofuata, moyo, akiwa nyumbani kwake. Bi Lorna alikuwa hajawahi kumwita tena. Nilijua hivyo kwa sababu Bwana Vern aliniuliza kila nilipotoka kwa Bi Lorna: amesema lolote? Na kila mara nilimjibu kwamba bado.

Mazishi yalikuwa kwenye kanisa dogo la mtaani kwao, Saint Paul. Mimi na Amani tulikaa safu za nyuma na mke wake. Baada ya ibada mchungaji aliwaalika watu waseme neno jema juu ya marehemu, na watu wakasimama mmoja mmoja: alikuwa mtu mwema, alikuwa jirani mwema, alikuwa fundi mwema. Kisha nikamwona Bi Lorna akisimama mbele. Sikujua hata kwamba amekuja.

"Vern aliua miti ya babu yangu," alisema.

Nilisikia watu wakivuta pumzi kanisa zima. Mchungaji alipiga hatua moja mbele, akasita. Karen, binti wa pekee wa Bwana Vern, alikuwa safu ya kwanza. Niliona mgongo wake ukikakamaa.

"Hakukusudia," aliendelea Bi Lorna. "Na hakuna aliyejua. Angeweza kuniambia ni ndege, ningemwamini. Alikuja jikoni kwangu akiwa bado na vumbi la mti magotini, akaniambia ni yeye. Mimi nilikuwa na jambo la kumwambia kwa miaka, nikalificha, nikaita hiyo ni hisani. Nikamfukuza. Kisha nimesikia alikwenda mlango kwa mlango kuwaambia watu wote. Nilikuwa namngojea apitie kwangu, na yeye alikuwa anangoja nimwite, kwa sababu nilimwambia angoje." Akakaa.

Mpiga kinanda alianza wimbo mapema kuliko ilivyopangwa.

Chini, kwenye ukumbi wa chakula, Bi Lorna alinijia na sahani tupu mkononi. "Nimeharibu?" aliuliza. "Usinionee huruma."

"Umemshtua Karen," nilimwambia. "Hakuwa akijua habari za jikoni."

"Nifanye nini?"

"Mwendee."

Alikwenda. Nilimwona Karen akimwona anakuja, akaiweka kahawa yake chini, na nikamshika Amani mkono kwa sababu sikujua nini kingetokea. Bi Lorna alianza kusema kitu. Karen akamkatiza.

"Asubuhi nzima wananiambia baba yangu alikuwa mtu mwema," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwetu. "Wewe peke yako umeniambia alifanya nini."

Akamvutia kiti.